Kiti Kina Mwenyewe

Kwa wiki tatu kiti kile kilining'inia mlangoni mwa karakana ya Rabia, mtaani Kamalondo, na kwa wiki tatu Rabia alikataa kukiuza. Kilikuwa kiti cha pikipiki, kinene, kimevishwa skai nyeusi, ngozi ya bandia inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi, kimeumuka kama andazi lililotoka sasa hivi kwenye mafuta. Kila mwendesha pikipiki aliyepita alinyoosha mkono akakibonyeza kwa kidole gumba, na kila aliyekibonyeza aliguna kwa raha. Walipouliza bei, Rabia hakuinua hata kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Ile iko na mwenyewe," aliwajibu.

Mama Léa, ambaye hukaanga maandazi kwenye baraza ya karakana na hapitwi na neno, alichoka kulisikia jibu hilo. "Mwenyewe gani huyo hafike?" aliuliza siku moja. "Ni kiti, ao ni muchumba unangojea?"

Rabia hakucheka. Kiti kilikuwa na mwenyewe kweli, na jina lake lilikuwa limeandikwa ndani, chini ya skai, kwa kalamu ya buluu. Kilikuwa kikimngoja Chishimba.

Ili kujua kwa nini, inabidi kwanza kumjua Muzee Sumaili, baba yake Rabia. Alifika Lubumbashi kutoka Kasongo akiwa kijana, mali yake yote ikiwa sindano tatu za kushonea magodoro na kofia moja nyeupe. Alianza kwa kushona makochi ya wakubwa wa migodi, akaendelea na viti vya magari, na pikipiki zilipojaa mjini akahamia kwenye viti vya pikipiki, akabaki huko. Katika watoto wake watano, Rabia peke yake ndiye aliyependa harufu ya gundi. Akiwa na miaka kumi na mmoja alikuwa akimtilia baba uzi kwenye sindano. Akiwa na ishirini alikata sponji vizuri kuliko baba. Aliolewa, akapata mabinti wawili, mume akaenda kutafuta kazi Kolwezi na huko akatafuta pia mke mwingine. Rabia alirudi kwenye meza ya baba yake kana kwamba alikuwa ameondoka kwenda sokoni tu.

Wasafiri wa mbali, hasa wale wanaokwenda Pweto kuchukua samaki wakavu, walimjua Sumaili kama wanavyojua pahali pa mafuta. Safari ile ni ya siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, juu ya njia ya mawe na vumbi, na mtu mwenye kiti kibaya hufika ziwani akiwa mgonjwa. Sumaili alikuwa na utaratibu wake. Mteja alipofika, alikalishwa kwanza juu ya karai pana la mchanga uliolowa. Aliponyanyuka, mchanga ulibaki na mashimo mawili, pale mifupa miwili ya makalio ilipolala, na Sumaili aliyapima kwa utepe kama fundi wa nguo apimavyo mabega. Kwa vipimo hivyo alijua kiti kiwe kipana kiasi gani na mshono upite wapi ili usikutane na mfupa. Chini aliweka sponji ngumu, juu tabaka jembamba la sponji laini kidogo. Alikilaza kiti sawasawa ili mtu asiteleze mbele hadi kwenye tangi. Alivisha skai ya kukwaruza, isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa huteleza, na juani hugeuka kikaango. Mwisho aliandika jina la mteja na tarehe juu ya sponji kabla ya kufunga, ili kiti cha mtu kisichanganyike na cha mwingine.

Halafu ilikuja chai. Kiti kilifungwa juu ya farasi wa mbao katikati ya karakana, mteja akapanda, akapewa gilasi ya chai ya moto, na hakuruhusiwa kushuka mpaka chai ipoe yenyewe mkononi mwake. Kama mwili ulianza kulalamika kabla ya chai kupoa, kiti kilifunguliwa upya. Wateja wengi walimcheka, maana viti vyake, ukivibonyeza, vilionekana vigumu. Yeye aliwaambia, "Kidole gumba haiendaka Pweto," akaenda kuchemsha maji.

Mtu mmoja tu aliwahi kutoka bila chai, na huyo alikuwa Chishimba. Baba yake Chishimba alikuwa rafiki wa Sumaili tangu ujana, na kwa urafiki ule Sumaili alimruhusu mtoto aliyesema ana haraka. Alikaa juu ya kiti kwa dakika mbili, akakunja uso, akaondoka nacho. Siku kumi na mbili baadaye alirudi kutoka Pweto. Alisimama mbele ya karakana, wenzake watano wakiwa nyuma yake, akakirusha kiti hadi miguuni pa mzee. Akasema kiti kimemvunja mgongo. Akasema mzee haoni tena, mikono inatetemeka, na afadhali mtu akae juu ya gunia la mawe. Wenzake walicheka. Mmoja alilirudia neno la gunia la mawe, na kabla ya jua kuzama neno hilo lilikuwa limefika kwenye kituo chao, barabara ya Kasenga.

Alasiri ile Sumaili alikifungua kiti. Rabia alikuwa pembeni yake, akaona alichokiona baba. Sponji yao ngumu haikuwamo. Mahali pake palikuwa na sponji ya godoro, ya njano, imeshikwa kwa uzi wa kijani ambao karakana ile haijawahi kuutumia. Na juu yake, kwa mwandiko wa fundi mwingine, palikuwa pameandikwa CHISHIMBA – KAMBOVE, na tarehe. Chishimba alikuwa amekipeleka kiti kwa fundi wa mji wa Kambove, akatoa roho ya kiti na kujaza ulaini, akasafiri nao, akaumia, kisha akamletea mzee lawama. Labda aliamini kabisa alichosema. Yeye ni mtu anayejua kwamba kilicho laini hakiwezi kuumiza, kwa hiyo kosa lazima lilikuwa la mzee.

Rabia alitaka kukimbia na ile sponji hadi barabara ya Kasenga. Baba yake alimzuia. Alisema mtoto wa rafiki hafukuzwi njiani kama mwizi. Atarudi mwenyewe na kusema ukweli. Akamwagiza aifunge sponji katika sanduku. Rabia alitii, na kutii kule ndiko kulikomla ndani.

Kwa sababu Chishimba hakurudi. Wateja wa Pweto nao hawakurudi. Sumaili alizoea kukaa mbele ya cherehani asubuhi, miwani usoni, mikono juu ya mapaja, bila kitu cha kushona. Mvua za kwanza zilimkuta ameshaacha kuvaa miwani. Alizikwa siku ya Ijumaa. Kilioni Rabia alitazama kila mwanaume aliyeingia uani, mpaka siku ya mwisho, na Chishimba hakuonekana.

Mwaka mzima Rabia alishona mito ya makochi ya nyumba za Golf, mtaa wa matajiri, na akiwa amepiga magoti juu ya mazulia ya watu alikuwa akiongea na Chishimba kichwani. Alimtukana kwa Kiswahili, akamtukana kwa Kifaransa, na maneno yalipomwishia alianza upya. Halafu akasikia kwamba Chishimba amenunua pikipiki mpya, ya aina ile ile wanayoendesha karibu wote wa njia ya Pweto, na kwamba kiti chake cha kiwandani hakimpi raha. Jioni ile Rabia alifungua sanduku. Sponji ya njano ilikuwa bado inanesa. Hakuongeza kitu kibaya hata kimoja, hakuweka msumari wala kokoto. Aliichukua kama ilivyo, na uzi wake wa kijani na jina lake, akaifunika kwa tabaka jembamba laini na kuivisha skai ya kung'aa. Akakitundika kiti mlangoni.

Chishimba alifika Jumanne, saa nne za asubuhi. Alikuja na Papa Kapya, mkubwa wa waendesha pikipiki wa Pweto, mtu wa maneno machache ambaye ndevu zake zilikuwa na vumbi hata siku ya kupumzika. Chishimba alivua miwani ya jua, akasalimia kwa sauti kubwa, kana kwamba hapakuwa na lolote kati yake na nyumba ile.

"Mama Rabia, nasikia sasa ni we njo unashona. Muzee alikuwa anashonea bantu mbao. We labda uko na akili ya leo."

Rabia aliweka mkasi mezani taratibu, maana mkono ulikuwa umeukaza. Alisema karibu. Akatoa viti viwili, akaviweka kwenye benchi pamoja. Kimoja kilikuwa cha mtindo wa baba yake, skai ya kukwaruza, kimekaa kimya kama mtu mzima. Cha pili kilikuwa kile cha mlangoni.

"Chagua mwenyewe," alisema. "Mi siseme kintu."

Chishimba alibonyeza cha kwanza, akanyanyua kidole kama aliyeungua. "Hii ni benchi ya kanisa," alisema. Akabonyeza cha pili, na kidole kikazama hadi kwenye kifundo. Akakikalia palepale kwenye benchi, akanesanesa mara mbili, akamtazama Kapya kwa furaha ya mtoto aliyevishwa nguo mpya. "Njo hii. Na hii nafika Pweto nalala usingizi."

Papa Kapya alitazama farasi wa mbao aliyekuwa pembeni, kisha akatazama birika lililokuwa baridi. "Leo hakuna chai?" aliuliza.

"Chishimba hapendaka kungojea," Rabia alijibu. "Papa Kapya, umeona? Ni yeye alichagua."

"Nimeona," alisema Kapya, na akaendelea kumtazama Rabia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake alfajiri Chishimba aliondoka, na Rabia aliondoka pamoja naye kwa akili. Alikuwa akishona mto wa kochi, lakini aliijua njia kwa kusimuliwa na wateja wa miaka ishirini, na aliijua sponji kuliko anavyojua kiganja chake. Saa ya kwanza, alijiambia, anaimba. Saa ya pili sponji imeanza kulala na haiamki tena. Anasogea kidogo kushoto, kidogo kulia, anadhani ni suruali. Kabla ya kufika Kasomeno mifupa miwili imeshafika chini, na sasa kila jiwe la njia linaongea nayo moja kwa moja. Kila akikanyaga breki anateleza juu ya skai hadi kwenye tangi, anajirudisha nyuma, na kujirudisha nyuma kunamchuna. Mchana jua linapanda juu ya kile cheusi kinachong'aa. Akisimama kula, anakula wima. Rabia alipofika hapo alikata uzi kwa meno, na Mama Léa akamwuliza anacheka nini. Akasema hakuna.

Ni alasiri tu, alipochemsha chai na kuimimina katika gilasi ya baba yake, ndipo raha ile ilipomwishia. Sumaili alikuwa amemruhusu mtu kutoka bila chai mara moja katika maisha yake yote, kwa upendo. Yeye alikuwa amefanya vilevile kwa chuki. Alikaa na gilasi mpaka ikapoa. Namba ya Papa Kapya ilikuwa katika simu. Angeweza kumwomba amsimamishe Chishimba huko njiani. Aliitazama namba. Kisha akamkumbuka baba yake mbele ya cherehani, mikono juu ya mapaja, akaifunika simu kwa kitambaa na kurudi kwenye mto wa kochi.

Siku ya sita, Mama Léa ndiye aliyeona kwanza. Alimwita Rabia atoke upesi. Pikipiki ilikuwa ikiingia mtaani na magunia mawili ya chisense nyuma, vile visamaki vya ziwani vinavyonuka kabla havijafika, na Chishimba akiwa amesimama wima juu ya vikanyagio kama askari kwenye gwaride. Nyuma yake walikuja Papa Kapya na wengine wanne, nao walikuwa wameketi.

"Baba, si uikale kidogo," Mama Léa alimwambia. "Utasimama mupaka Kinshasa?"

Wale wanne waliangua kicheko. Walikuwa wamecheka, bila shaka, tangu Pweto. Chishimba alishuka kwa kuupitisha mguu polepole, akatembea miguu ikiwa imetanuka hadi mlangoni. Midomo ilikuwa imepasuka kwa vumbi. Hakuwa na miwani.

"Ni kiti ile ile ya baba yako," alisema, na alisema kwa nguvu ili mtaa usikie. "Ile ile. Maumivu ni yale yale, pahali ni pale pale. Mu hii nyumba munarithiana kuumiza bantu."

Rabia alikuwa amelingojea neno lile mwaka mzima, lakini hakutegemea kwamba angeletewa mzima namna ile, bila kulivuta. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Unasema ni kiti ile ile?"

"Ni ile ile."

"Sema tena. Papa Kapya asikie muzuri."

Chishimba alirudia, na akaongeza kwamba makalio yake hayadanganyi. Rabia alikwenda kwenye pikipiki, akafungua komeo la kiti, akakibeba hadi kwenye benchi, mbele ya wote. Akachukua wembe wa kazi na kuipasua skai kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliifungua kama mtu anavyofungua samaki. Akalivua lile tabaka jembamba. Sponji ya njano ikabaki wazi, imelala, na mashimo mawili katikati.

"Papa Kapya, mi sijuwe kusoma muzuri leo," alisema. "Unisaidie."

Kapya aliinama, akafuta vumbi kwa kidole, akasoma kwa sauti jina, mahali na tarehe. Akaugusa uzi wa kijani. Halafu akainuka, na ilionekana kwamba alikuwa akihesabu kichwani.

"Tarehe hii tulikuwa Kambove," alisema, "tulipelekea bachimbaji mizigo. Ulituacha pa chakula. Ulisema unaenda kutia mafuta." Alimgeukia Chishimba. "Ni nani alifungua kiti ya Muzee?"

Hakuna aliyecheka sasa. Chishimba alitazama sponji, akatazama pikipiki isiyo na kiti, akatazama chini. Alikuwa ameitambua, ilionekana kwa jinsi shingo ilivyomlegea.

"Kilikuwa kigumu," alisema mwishowe. "Mi niliona nakifanyisha tu kiwe kizuri."

"Ulifanyisha," Rabia alisema. "Halafu ulikuja kukitupa pa miguu ya baba yangu. Njo hii. Nimekurudishia kintu yako, sikuongeza kintu."

Mmoja wa wale wanne alikuwa mtu aliyerudia neno la gunia la mawe siku ile. Alivua kofia yake, akaikunja mikononi. Papa Kapya alitoa simu, akaileta karibu na mdomo, na kwa sauti yake isiyo na haraka akawaelezea waendesha pikipiki wote wa njia ya Pweto kilichokuwa ndani ya kiti, na aliyekiweka, na kwamba Muzee Sumaili hakukosea. Alipomaliza aliituma sauti ile kwa wote. Simu za wale wanne zililia mifukoni, moja baada ya nyingine, na ya Chishimba ikalia pia.

Chishimba alisimama pale akilisikiliza jina lake likifika mfukoni mwake. Hangeweza kuondoka, pikipiki haikuwa na kiti, na magunia ya watu yalikuwa yakingojewa sokoni. Ilibidi aombe. Aliomba kwa sauti ya chini, akamwita Rabia yaya, yaani dada mkubwa, jina ambalo alikuwa akimwita zamani walipokuwa wadogo, watoto wa marafiki wawili. Akasema pia kwamba kilioni alitaka kuja, akafika hadi kona ya msikiti, akaona haya.

Rabia aliburuta karai la mchanga hadi katikati ya karakana na kulimwagia maji. Chishimba alitazama karai, akawatazama wenzake, akaelewa kwamba hakuna atakayeondoka. Akaketi kwenye mchanga baridi mbele yao wote, akauma meno, akanyanyuka. Rabia alipima mashimo kwa utepe wa baba yake, bila haraka, mara mbili. Kile kiti cha mtindo wa zamani, benchi ya kanisa, kilikuwa karibu kabisa na vipimo. Alisogeza mshono, akaandika kwenye sponji CHISHIMBA – KAMALONDO, na tarehe ya siku ile, akafunga. Akakifunga kiti juu ya farasi wa mbao.

"Panda," alisema.

Alipanda. Kukaa juu ya kigumu na vidonda vya siku nne kulimtoa machozi, lakini alikaa. Wenzake walijipanga ukutani, Mama Léa akasogeza kiti chake mlangoni asikose kitu. Rabia alichemsha maji yakachemka kweli, akayaacha yachemke tena. Gilasi ya baba yake aliiacha kabatini. Alichukua kikombe cha udongo kilichopakwa rangi, kile kinene cha jikoni, ambacho kinashika moto kuliko kingine chochote nyumbani, akakijaza hadi ukingoni na kumpa Chishimba mkononi.

Chishimba alikipuliza.

"Usipulize," Rabia alisema. "Ipoe yenyewe."

Kisha akatafuta kisahani, akakifunika kikombe.